Maswali ya Wasomaji: Kuvaa Nguo za Kale Mbele ya Wageni

Barua za mwezi huu zimetoka Lamu na Malindi, na zote zinazunguka jambo moja: kazi ya yule mtu avaaye mavazi ya zamani katika jumba la makumbusho au katika tamasha, akawaonyesha wageni jinsi watu walivyoishi. Nimechagua tano. Barua ya Shela nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa mwandishi wake ameuliza jambo ambalo wengi wetu tunalizunguka bila kulitaja.

*Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni kijana niliyemaliza kidato cha nne, na kazi yangu ni kuwatembeza wageni katika mitaa ya Lamu. Mgeni mmoja kutoka Marekani ameniambia kwamba kwao kuna watu wanaolipwa mshahara ili waishi kama watu wa kale mchana kutwa. Kazi hiyo ni nini hasa, na je, mtu asiyewahi kupanda jukwaani anaweza kuifanya? — Msomaji wa Langoni, Lamu*

Wa alaykum salaam, mwanangu. Mgeni wako hakukudanganya, na kazi hiyo si ya jana. Mwaka 1891 Artur Hazelius alifungua Skansen mjini Stockholm, nchini Sweden, makumbusho ya wazi ambako nyumba za wakulima zilihamishwa kutoka pembe mbalimbali za nchi hiyo, zikawekewa watu waliovaa mavazi ya asili na kufanya kazi za asili. Huko Virginia, Marekani, mji mzima wa Williamsburg ulianza kurudishwa katika sura yake ya karne ya 18 kuanzia mwaka 1926, kwa fedha za John D. Rockefeller mdogo, na hadi leo wahunzi, maseremala, wachapaji na washonaji wake hufanya kazi mbele ya macho ya wageni kwa zana za wakati ule. Hapa Afrika Mashariki walio karibu nao ni Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971, na Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, ingawa huko mkazo umekuwa katika nyumba na ngoma zaidi kuliko katika mtu mmoja anayebeba maisha ya mtu wa zamani.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kazi hii hufanywa kwa njia mbili zilizo tofauti sana. Katika njia ya kwanza mtu huzungumza kana kwamba yeye ndiye mtu wa kale: ukimwuliza habari za simu, atakutazama kama aliyesikia lugha ya kigeni. Makumbusho ya Plimoth, katika jimbo la Massachusetts, yalianzishwa mwaka 1947 na yamejijengea sifa kwa njia hiyo, kwa maana wakazi wa kijiji chake cha Waingereza husema na wageni kama watu wa miaka ya 1620. Katika njia ya pili mtu huvaa mavazi ya kale na hufanya kazi za kale, lakini kinywa chake ni cha leo. Husema "wao walifanya hivi", wala hasemi "sisi tunafanya hivi". Katika makumbusho hayohayo ya Plimoth, sehemu ya wenyeji wa asili wa Wampanoag huendeshwa na watu wenye asili ya nchi ile wenyewe, na hao hutumia njia ya pili, kwa kuwa wao hawako katika historia peke yake. Wapo, na wana mambo ya leo ya kusema. Kwa Lamu mimi napendelea njia hii ya pili, na sababu zake utaziona nikimjibu msomaji wa Shela.

Ama kuhusu jukwaa, usihofu. Mwigizaji wa jukwaani hupewa maneno yake na hadhira hukaa kimya, lakini wewe utaulizwa maswali ambayo hakuna aliyekuandikia majibu yake, na mwulizaji atakuwa amesimama hatua moja kutoka usoni pako. Kinachohitajika ni maarifa na mikono. Chukua mfano wa birika la choo, yaani hodhi la maji, katika nyumba ya kale ya mawe. Mgeni ataona bakuli la kauri la kutoka Uchina limejengewa chini kabisa ya birika, naye atadhani ni pambo. Ukijua kwamba ndani ya birika waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na kwamba bakuli lile liliwahifadhia maji samaki hao birika lilipokauka, umempa mgeni biashara ya Bahari ya Hindi, afya na akili ya ujenzi kwa pumzi moja. Usipojua, utamwonyesha bakuli tu, na hilo amekwisha kuliona.

Kisha jifunze kazi moja ya mikono hadi uimudu. Kuna ushonaji wa kofia za viua, nakshi ya milango, uchomaji wa chokaa kutokana na mawe ya matumbawe, na uundaji wa vyombo ambao mafundi wa Matondoni wangali nao. Mimi ningekushawishi uutazame mtepe, kile chombo cha visiwa vyetu ambacho mbao zake hazikupigiliwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa jamvi. Chombo kilichoshonwa huyumba na kujipinda kidogo kinapogonga mchanga au mwamba, mahali ambapo kilichopigiliwa huvunjika. Nacho kiliendelea kusafiri hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Kijana anayeweza kushona mbao mbili mbele ya wageni huku akieleza kwa utulivu kwa nini fundi alichagua kamba, huyo hatahitaji kuigiza lolote.

*Mwalimu, nimeombwa kuwapokea wageni katika nyumba ya kale ya karne ya 18 siku za tamasha. Waandalizi wameniletea buibui jeusi na leso mpya yenye maandishi. Moyo wangu unaniambia kuna kasoro, lakini siwezi kuitaja. — Msomaji wa Mkomani, Lamu*

Bibiye, moyo wako umesema kweli. Leso tunayoijua, yaani kanga, ilianza kuvaliwa katika nusu ya pili ya karne ya 19, na buibui lilienea hapa pwani kuanzia mwishoni mwa karne hiyo na mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanamke wa nyumba ile wakati ilipojengwa hakukijua kimoja wala kingine. Hata shiraa, lile vazi mfano wa hema ambalo bibi wa Lamu alitembea ndani yake huku watumwa wakilishikilia, tunalijua zaidi kutokana na habari za karne ya 19.

Unaweza kuwadai waandalizi nguo mpya: vitambaa vya pamba au hariri visivyo na maandishi, vya kujifunga kifuani na vya kujitanda kichwani, pamoja na mtalawanda, yaani viatu vya mti, miguuni na vito vya fedha ukivipata kwa jamaa. Lakini tamasha huwa limekaribia na fedha zimekwisha, nami nakushauri jambo jepesi zaidi, nalo ni kuacha nguo na kubadilisha mwaka. Nyumba za karne ya 18 hazikuhamwa karne ilipokwisha. Waambie wageni kwamba uko katika nyumba hiyo mwanzoni mwa karne ya 20, wakati buibui lilipokuwa vazi jipya la mjini, na papo hapo vazi lako litaacha kuwa kosa na kuwa habari. Leso ikiwa na maneno yanayotaja mambo ya mwaka huu, iache nyumbani.

Wanaume nao nawaomba waache kanzu zinazong'aa za nailoni na kofia zilizodariziwa kwa mashine. Mgeni huenda asitambue, lakini mzee wa Lamu aliyeketi barazani atatambua kabla hujampita, na mimi namwogopa mzee huyo kuliko mgeni. Saa ya mkononi ivuliwe. Miwani ya macho ibaki, kwa sababu mtu asiyeona ngazi za nyumba ya kale ataanguka.

*Mwalimu, kundi letu linatayarisha onyesho la maisha ya nyumba ya kale. Wakati wa kugawa nafasi, mimi niliye mweusi kuliko wenzangu nilipewa nafasi ya mtumwa bila ya kuulizwa. Niliponung'unika, baadhi yao walisema basi watumwa waondolewe kabisa, wageni wasije wakasikia aibu zetu. Mimi sitaki kuwa mtumwa, na wala sitaki waondolewe. Nifanyeje? — Msomaji wa Shela*

Ndugu yangu, una haki katika yote mawili, na nitaanza na hilo la kuwaondoa, kwa kuwa ndilo lenye madhara makubwa.

Nyumba ile haielezeki bila ya wao. Mgeni huingizwa dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, akavuka kiwanda, yaani ua wa ndani, akapanda kutoka msana mmoja, yaani chumba kirefu chembamba, hadi mwingine mpaka ndani kabisa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, akaelezwa kwamba kadiri unavyoingia ndivyo nyumba inavyozidi kuwa ya siri, kwa sababu bibi wa nyumba hakuonekana na watu wa nje. Maelezo hayo ni ya kweli lakini yamekatwa nusu. Bibi aliweza kukaa ndani kwa sababu mwanamke mwingine alitoka. Kulikuwa na aliyeteka maji, aliyekwenda sokoni, aliyebeba ujumbe, aliyepika, na hakuwa na hiari. Fedha zilizojenga kuta zile na kununua kauri za zidakani zilitoka kwa sehemu kubwa katika mashamba ya bara yanayoelekeana na kisiwa, ambako watumwa walilima mtama na ufuta. Wengine walitoroka, katika karne ya 19 watoro walikimbilia upande wa Witu, huko bara, kwa Sultani Ahmed aliyeitwa Simba, ambaye aliwapokea. Mkataba wa mwaka 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari katika milki ya Sultani wa Unguja, lakini utumwa wenyewe katika pwani ya Kenya ulikomeshwa kisheria mwaka 1907. Mtoto wa miaka kumi aliyekombolewa mwaka huo angekuwa mzee wa miaka 66 Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963. Wapo watu mjini Lamu ambao nyanya zao walipakatwa na mtu wa namna hiyo. Hayo si mambo ya kale mno kiasi cha kufutwa na mtunzi wa onyesho.

Wenzetu wa Williamsburg waliipitia njia hiyo ya ukimya. Katika karne ya 18 karibu nusu ya wakazi wa mji ule walikuwa watu weusi, wengi wao sana wakiwa watumwa, lakini kwa miongo mingi mgeni aliweza kuuzunguka mji uliorudishwa akaona magari ya farasi na mawigi bila ya kukutana nao. Ilipofika mwaka 1979 ndipo waigizaji weusi walipoanza kuyaeleza maisha hayo kwa nafsi ya kwanza. Tarehe 10 Oktoba 1994 idara iliyoshughulikia historia ya Wamarekani weusi, ikiongozwa na Christy Coleman, iliigiza mnada wa watumwa hadharani. Chama cha kutetea haki za weusi, NAACP, kiliupinga, na waandamanaji walifika hapohapo uwanjani. Coleman aliwaomba watazame kwanza ndipo wahukumu, na yeye mwenyewe aliigiza mmoja wa waliouzwa. Baada ya kutazama, mmoja wa viongozi waliokuja kupinga alisema kwamba amebadili mawazo.

Wapo wanaoitaja siku ile kama hoja kwamba na sisi tufanye hivyohivyo. Mimi sikubaliani nao. Walioigiza pale walichagua wenyewe, walikuwa na mamlaka juu ya onyesho, na walikuwa wamejiandaa kwa miaka. Wewe uliteuliwa kwa rangi ya ngozi yako, na waliokuteua ni jirani zako. Jingine ni kwamba Williamsburg ni makumbusho, na jioni ikifika mwigizaji huvua nguo akaenda zake mahali ambapo si Williamsburg ya karne ya 18. Lamu ni mji unaoishi. Ukivua nguo utapita katika mitaa ileile, baina ya watu wanaojua, au wanaodhani wanajua, babu wa nani alimiliki babu wa nani, na neno ulilosema ukiwa ndani ya onyesho litakufuata hadi kwenye posa ya dada yako. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kutaka njia ya pili hapa kwetu: avae mtu nguo za kale, afanye kazi za kale, lakini asimame kama mtu wa leo anayeeleza, na aweze kusema "mwanamke aliyeifanya kazi hii hakulipwa, na mwanawe angeweza kuwa mali ya mtu mwingine" bila ya kulazimika kujiita mtumwa mbele ya macho ya watu.

Basi waambie wenzako hivi. Kazi za nyumba zigawanywe kwa hiari, na kila mtu wa kundi, wa rangi yoyote, achukue zamu ya mtungi wa maji na zamu ya zidakani. Majina ya koo za Lamu yasitajwe kabisa katika onyesho, si kwa upande wa mabwana wala kwa upande wa watumwa. Mnada usiigizwe. Pingu za kuazima zisiletwe, kwa kuwa zitapigwa picha na kila kitu kingine kitasahauliwa. Nguo ziseme: pwani hii kaniki, kile kitambaa cheusi cha nili, ilikuwa vazi lililohusishwa na watumwa, na mtumwa alikwenda miguu mitupu, ukiweka kaniki iliyokunjwa kando ya joho na viatu, mgeni atauliza mwenyewe. Na pawepo mtu mmoja wa kundi asiyevaa mavazi ya kale, ambaye kazi yake ni kumwondoa mgeni anayeleta dhihaka, kwani watakuwepo. Wenzako wakikataa haya na kukurudishia nafasi ileile kwa sababu ileile, ondoka, na uwaambie sababu mbele ya kundi zima.

Kanuni hiyohiyo naiona katika Ngome ya Lamu. Ngome ilijengwa katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, na askari wa wakati huo mtu anaweza kumwonyesha bila ya kumwumiza yeyote. Lakini ilikuwa gereza kutoka mwaka 1910 hadi 1984, na wapo hai waliofungwa humo na waliowalinda. Hao hawaigizwi. Hao huombwa waje waketi waseme wenyewe, nao wakikataa, shauri limekwisha.

*Mwalimu, ninafanya kazi katika hoteli moja hapa Malindi. Mkubwa wangu anataka niwe Ahmad ibn Majid jioni za Ijumaa, niwaeleze wageni jinsi nilivyomwongoza Vasco da Gama hadi India. Nimeambiwa na rafiki kwamba habari hiyo si ya kweli. Je, ni kweli kwamba si kweli? — Msomaji wa Malindi*

Ndugu, rafiki yako amesoma vizuri. Yaliyo na uhakika ni haya: Da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498 baada ya kukosana na Mombasa, mfalme wa Malindi alimpokea vyema na kumpa nahodha, na mwezi wa Mei walikuwa wamefika pwani ya Calicut, huko India. Nahodha huyo ni nani, hapo ndipo pana mgogoro. Shajara ya safari yenyewe inamwita Mkristo, na Wareno wa mwanzo waliwadhania Wahindu wengi kuwa Wakristo. Waandishi wa Kireno waliofuata wanamtaja kama mtu wa Gujarat. Jina la Ibn Majid liliingizwa baadaye katika karne ya 16 na mwandishi wa Makka, Qutb al-Din al-Nahrawali, na wanahistoria wengi leo hawalikubali. Ibn Majid alikuwa nahodha na mwandishi mkubwa wa elimu ya bahari, aliyezaliwa Julfar, huko Uarabuni, na hahitaji safari hii ili akumbukwe.

Mwambie mkubwa wako kwamba unalo pendekezo lililo bora zaidi. Uwe mtu wa kawaida wa bandarini Malindi, mchukuzi au mwuza machungwa, aliyeziona merikebu zile zikitia nanga na zikiondoka. Mtu huyo anaweza kusema kwamba aliona nahodha akipanda na hakupata jina lake. Anaweza kueleza kwa nini Malindi, iliyoshindana na Mombasa, iliona faida katika urafiki na wageni. Anaweza hata kuwakumbusha wageni kwamba mwaka 1415, miongo minane kabla ya Wareno, twiga kutoka Malindi alifikishwa Uchina kama zawadi kwa mfalme. Nimewaona wageni wakichoka na safari za Da Gama, lakini sijamwona aliyechoka na twiga. Halafu mgeni akitaka kujua yule nahodha alikuwa nani, vua kilemba, useme naye kwa kinywa cha leo na umpe mgogoro wote kama nilivyokupa. Mkubwa akishikilia Ibn Majid, basi ujue kwamba anakutaka uwe pambo la chakula cha jioni. Pambo nalo hulipwa, sikatai, lakini usiliite historia.

*Mwalimu, mwanangu wa kiume ameanza kazi ya kuvaa kanzu ya kale na jambia, wageni wakimwuliza maswali na kupiga naye picha. Baba yake anasema ni ombaomba wa aina mpya. Je, ni kazi ya heshima? — Mzazi wa Lamu*

Bi mkubwa, nipe salamu zangu kwa bwana, na umwambie kwamba hofu yake ina msingi. Mpaka upo mahali pamoja tu: je, kijana analipwa na waliomwajiri, au anategemea sarafu za anayepiga picha? Akitegemea picha, atajifunza kuvutia picha, na baada ya msimu mmoja atakuwa hana jibu la swali lolote. Huku kwetu kazi hizi mara nyingi ni za msimu na za tamasha, kwa hiyo asiache kazi yake nyingine.

Kabla ya msimu ujao adai makubaliano ya maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja, yanayosema atalipwa kiasi gani kwa siku na siku ya mvua italipwa vipi; nani atanunua na kufua nguo, kwa kuwa joho na kilemba katika joto la Februari hulowa jasho kabla ya adhuhuri; apumzike kivulini kila baada ya muda gani; na picha zake zikitumiwa katika matangazo atapata nini. Jambia liwe butu, na lisitolewe alani penye watoto.